Kipande cha Kaptura ya Buluu

Kabla sijawaeleza habari za Octave, mjue kwanza kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kupiga chenga. Yeye atakataa. Mkipita Jules Street hapa Malvern, Johannesburg, mkamkuta kwenye cherehani yake mlangoni mwa saluni yangu, mkamuuliza, atawajibu, "Gustave alikuwa beki, tena beki wa kuzungukwa." Msimsikilize. Nilikuwa beki, ndiyo, na kila jioni mazoezini kule Uvira, Kongo, alinipita upande wa kulia mpaka akabobea. Bila mtu wa kupitwa, winga atajifunzia wapi?

Octave ni fundi nguo. Anashona sare za shule, majoho ya kwaya, na suruali za walinzi ambazo hupasuka zote mahali pamoja. Ni mrefu, ana miaka hamsini na kitu, na mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri, kwa hiyo akitembea utadhani anapanda ngazi ambayo sisi wengine hatuioni. Goti la mguu huo lilivunjikia kwetu, kwenye uwanja wa changarawe, Jumapili tuliyocheza na timu ya watu wa forodha. Kipa wao alimwangukia. Akafungwa vijiti, na mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Siku ile alikuwa amevaa kaptura ya buluu yenye mstari mweupe pembeni. Ishikeni hiyo kaptura, nitaidai mbele.

Vita vilipokuja tulikimbia na tulivyovaa. Mimi nilikimbia na koti la harusi la mtu mwingine, hiyo ni hadithi yangu. Octave alikimbia na kaptura ile, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akilalia. Mke wake alibaki kaburini Kigoma. Mtoto hawakujaliwa. Tukateremka polepole, nchi hadi nchi, mpaka Johannesburg, mimi na mashine yangu ya kunyolea, yeye na mikono yake.

Mdogo wake, Anatole, yeye alikwenda Ufaransa. Mwaka uleule wa mbio zetu akapata mtoto wa kiume huko, akamwita Octave. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, basi mtoto ni mtu yule. Hakuna mchezo hapo. Anatole alimwita mwanawe "yaya", kama anavyomwita kaka yake mkubwa, na mkewe Denise alimwita "shemeji" akimwogesha. Fikirieni shemeji anayelia akitaka ziwa. Sisi saluni, ili tusichanganye Octave wa Malvern na Octave wa Ufaransa, yule mdogo tulimwita Somo, na hapa nami nitamwita hivyo.

Sasa, mtu asiye na mtoto, asiye na mke, mwenye mguu mmoja na nusu, akijua kwamba jina lake linakimbia mahali fulani kwa miguu miwili mizima, ana kitu cha kuamkia. Octave alikuwa na hicho tu. Nalisema mapema, msije kuniuliza baadaye kwa nini mwanamume mzima aliteseka hivyo kwa ajili ya jina.

Katika ukoo wao kuna desturi. Anayetoa jina hutoa pia nguo aliyoivaa mwilini mwake, mtoto afunikwe nayo. Nguo mpya haikubaliki, hiyo ni zawadi ya dukani tu. Lakini Somo alizaliwa wakati somo yake yuko njiani na kaptura moja, kwa hiyo hakufunikwa. Miaka yote Octave alilibeba jambo hilo. Kila Anatole alipopiga simu, kabla ya kuagana, Octave alikuwa akisema, "Mtoto bado hajavaa."

Mwaka 2015 Somo akasaini na klabu ya ligi daraja la pili, kaskazini mwa Ufaransa, kule ambako nasikia mvua haina adabu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Winga wa kulia, namba saba. Hakuna aliyemwambia acheze upande huo, mguu wenyewe ulimpeleka. Anatole alipotuletea habari, Octave alisimamisha cherehani, akaingia ndani, akarudi na kaptura ya buluu. Ilikuwa imepauka mpaka mstari mweupe na kitambaa vimekaribia kufanana. Akaitia mkasi. Nilimwambia, "Ndugu yangu, hiyo ndiyo Uvira iliyobaki, unaikata?" Akasema, "Ndiyo maana naikata."

Alishona mkanda wa lastiki wa kuvaa gotini, chini ya soksi, na ndani yake akauwekea bitana ya kitambaa kile cha buluu. Mishono ilikuwa midogo hata mimi mwenye macho ya tai sikuiona. Wakati wote huo hakuficha kitu. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu alionyeshwa. "Hii ndiyo niliyochezea siku ya mwisho," alisema. "Tangu siku hiyo sijacheza tena. Sasa itacheza."

Watu walisifu. Wengine walitaka kuigusa. Mama Léocadie, Mrundi anayesuka nywele kiti cha pili na ambaye ulimi wake unakata kuliko wembe wangu, ndiye pekee aliyeguna.

"Si ungemtumia soksi nene," alisema. "Mtoto wa watu yuko kwenye baridi, unamtumia kaptura ya zamani."

"Wewe mambo ya ukoo huyajui."

"Baridi naijua."

Angélique, mama mmoja wa kanisani anayekwenda Paris kuchukua vipodozi, akaubeba mkanda. Baada ya muda Anatole akapiga video. Somo alikuwa amekaa kitandani, kijana mrefu, meno yote nje, mkanda uko gotini kwenye mguu wa kulia. Octave alitazama. Kisha akanyoosha mkono kwenye kioo cha simu kama mtu anayepima nguo iliyokwisha.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi kabla ya mechi. Simu inalia, Octave anazima cherehani, anasimama kwa heshima, na anasema kwa Kiswahili, "Octave, mimi Octave nakuruhusu. Nenda." Somo hajui Kiswahili, alizaliwa huko na Kifaransa chake cha huko. Anajibu, "Merci, tonton," yaani asante, baba mkubwa. Basi. Mazungumzo yote ni hayo, lakini mngemwona Octave baada ya simu ile, akirudi kwenye cherehani, mngesema ametoka kupewa cheo.

Na kijana alicheza. Jamani, alicheza. Alikuwa na namna ya kusimama na mpira kana kwamba amesahau jambo nyumbani, beki naye anasimama kumsubiri akumbuke, halafu hayupo. Hiyo chenga ni yangu, nimekwisha kusema. Mwaka 2017 klabu ya ligi kuu ikamchukua, na sasa tukawa tunamwona kwenye dekoda, siyo tena kwenye vipande vya simu vinavyoganda. Saluni ikajaa. Watu walitoka hadi mtaa wa Observatory kuja kunyolewa kwangu, wakati Observatory kuna vinyozi, siyo wazuri, lakini wapo. Kanisani Octave akasogezwa viti vya mbele. Wamama walimletea watoto awashike vichwa. Mtangazaji alipotamka "Octave", mzee wangu aliitika kwa sauti ndogo, "Naam," kila mara, na hakujua kwamba anaitika.

Kisha mapema mwaka 2018, Jumamosi, mchana, Somo alikimbilia mpira karibu na mstari. Hakuguswa na mtu. Nataka mlielewe hilo, maana ndilo lililokuja kutumika: hakuguswa. Aligeuka, goti likabaki nyuma, akaanguka akiwa ameshika mguu wa kulia. Nikasikia mashine yangu ikinguruma hewani. Octave alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umeshika goti lake mwenyewe.

Mshipa wa ndani ulikuwa umekatika. Wakampasua. Wafaransa walipochukua kombe la dunia mwaka ule, mtoto wetu alikuwa ameweka mguu juu ya mto, anawatazama wenzake kwenye televisheni. Mwisho wa mwaka akarudishwa na kikosi cha akiba. Jumamosi ile Octave alimruhusu. Hata mapumziko hayakufika. Goti lilelile.

Hapo ndipo maswali yalipoanza, na hayakuanzia kwa madaktari. Denise ana kundi lake la maombi huko Ufaransa. Wakamuuliza: mguu huo uliokatika bila kuguswa unavaa nini? Akasema, mkanda. Wa nani? Wa somo yake. Kitambaa kimetoka wapi? Na Denise alijua, maana Octave mwenyewe alikuwa amelieleza mara ngapi kwenye simu akicheka kwa furaha. Kitambaa ni cha kaptura aliyoivaa siku goti lake lilipovunjika. Goti la kulia.

Jambo lilelile lililosifiwa mlangoni kwangu, likageuka shitaka. Hakuna aliyeongeza hata neno kwenye habari yenyewe.

Anatole alipiga simu Jumatatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma. "Yaya, mimi sisemi kwamba ulikusudia."

"Nilikusudia nini?"

"Sisemi kwamba ulikusudia. Nasema tu kwamba nguo ina siku yake. Ulimvisha siku ile."

"Nilikuwa na nguo gani nyingine, Anatole?"

"Ungengoja."

"Nilingoja miaka kumi na tisa."

Kisha Anatole akasema kwamba wazee wa Uvira nao wamepigiwa, na wote wamekubaliana. Mtoto atapasuliwa tena. Kabla ya kisu, Octave arudishe jina lake kwake. Alitamke mbele ya ukoo kwenye video, na mkanda uchomwe wakati huohuo. Mtoto ana jina lake la ubatizo, Gaël, litatosha.

Mimi niliwahi kuzungumza na askari pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya Jules Street, amenikamata na karatasi iliyokwisha muda, nikazungumza mpaka akaniomba nimnyoe bure na akaona amepata faida. Mdomo huu umenivusha mipaka. Kwa hiyo nilichukua simu ya Octave nikampigia Anatole mwenyewe. Nikamweleza kwamba magoti hukatika kwa mawinga wote, wale wa Brazili hawakutumiwa kaptura na mtu. Nikamweleza kwamba mimi nilikuwepo siku ya forodha, nayajua mambo yote, nina ushahidi. Nilizungumza vizuri sana, kwa mpangilio, hata Léocadie aliacha kusuka.

Anatole akanisikiliza mpaka mwisho. "Kaka Gustave," akasema, "nakuheshimu. Lakini wewe ni rafiki. Huyu ni mtoto wangu, na yuko kitandani." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Sikuwa na la kusema, na mimi kukosa la kusema ni jambo ambalo wateja wangu walilisimulia mtaa mzima kwa wiki nzima.

Léocadie alimgeukia Octave. Safari hii hakuguna. "Baba, niambie mimi. Wewe mwenyewe unaamini?"

Octave alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, anakosa, anapitisha tena. "Sijui."

"Kama hujui, kataa. Jina ni lako."

"Kama ningejua kwamba si kweli, ningekataa. Kama ningejua ni kweli, ningelirudisha jana, kabla ya kuombwa. Lakini sijui, mama. Na nisipojua, nitamwachaje nalo gotini?"

Ninyi mnaosoma mna jibu? Mniletee, saluni yangu inajulikana.

Siku ya kurudisha jina alivaa shati jeupe na tai. Nilimnyoa ndevu mwenyewe, sikumtoza, na sikumtania. Kwenye simu kulikuwa na Anatole na Denise, na sauti mbili za wazee wa Uvira zikikatikakatika. Somo alikuwa kwenye sofa, magongo pembeni. Denise alishika mkanda kwa koleo juu ya sufuria, kama mtu aliyeshika panya.

Somo aliuliza kwa Kifaransa kuna nini. Baba yake akamwambia ni mambo ya familia. Nikaona lazima mtu amweleze kijana, nikaingiza kichwa kwenye simu na Kifaransa changu, ambacho nilikisoma hadi darasa la sita, la saba wakaninyima kwa wivu. Nilianza vizuri. Lakini neno la "jina" nililipata, neno la "kurudisha" nililipata, nikatafuta neno la kusema kwamba huyu mzee anaondoa kitu alichonacho kimoja tu ili wewe upone, nikalikosa. Nikasema, "Tonton Octave, il t'aime," yaani anakupenda. Kijana akacheka kidogo, kwa aibu, kama wanavyocheka watoto wa huko ukiwaambia mambo hayo.

Octave alisimama. "Octave," akasema, akanyamaza, maana ndiyo mara ya mwisho kumwita hivyo. "Octave, mimi Octave nimechukua jina langu. Lisikufuate. Likiwa na kitu, kibaki kwangu."

Mkanda ukashika moto. Lastiki inatoa moshi mweusi, Denise akakohoa, akafungua dirisha. Kijana alitazama sufuria, akatazama simu, akaona uso wa mzee. Akasema kwa upole, na hakuwa na ubaya hata chembe, "C'est pas grave, tonton."

Nilimtafsiria. Si kitu, anasema. Octave akaitikia, "Asante." Akakaa kwenye cherehani akiwa na tai yake na kumalizia suruali ya mlinzi.

Baada ya hapo simu ya Jumamosi haikupigwa tena. Hakuna aliyemkataza kupiga, lakini angepiga kumruhusu nani? Ikifika saa ile ya mechi alizima cherehani kwa mazoea, akakaa na mkono juu ya gurudumu. Nilijaribu kumtania kwamba anaiba muda wa kazi. Alitabasamu kunifurahisha.

Kanisani alirudi viti vya nyuma mwenyewe kabla hajarudishwa, lakini wamama waliacha kumletea watoto. Hapa Malvern habari hazihitaji gari. Wengine walichukua nguo zao kwake zikiwa hazijaisha, kwa maneno matamu, wakapeleka kwa fundi mwingine. Nilitaka kuwafukuza kwenye saluni, nao walikuwa wateja wangu, na vichwa vyao vinaota nywele kila wiki. Niliwanyoa.

Kijana alipona. Klabu kubwa haikumtaka tena, akarudi kulekule kwenye mvua, daraja la pili, benchi. Mgongoni mwa jezi wakaandika Gaël.

Mwezi wa tisa 2019, nilipoona kwenye simu kwamba huenda akaingia, ilikuwa ile wiki ambayo sisi wageni tulikuwa tunashambuliwa, tukafunga maduka. Mliokuwepo Jules Street mnajua, mliokuwa kwingine mlisikia. Geti la chuma liko chini, tuko ndani mchana, mimi, Octave na Léocadie, na wateja wachache walioshindwa kurudi kwao. Tuliongea kwa kunong'ona. Mechi ilikuwa inaanza.

"Octave," nikamnong'oneza, "unataka afunge?"

Alikuwa ameegemea cherehani. "Gusta, akifunga, watasema mnaona, alipoachana na jina amepona. Mchawi nitakuwa mimi mpaka nife."

"Kwa hiyo unataka asifunge."

"Asipofunga ataachwa. Hana kitu kingine, ni mpira tu."

"Basi unataka nini?"

Akavuta kiti. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya spiriti, sauti nimeizima, wote tukasogeza vichwa.

Aliingia kipindi cha pili, mwishoni. Alikuwa amenenepa mabegani. Mpira wa kwanza aliurudisha nyuma, wa pili pia, kama mtu anayeonja chai ya moto. Wa tatu alisimama nao. Alisimama vile vile, kana kwamba amesahau jambo nyumbani. Beki akasubiri. Akageukia ndani, mguu wa kulia umepigiliwa chini, mwili wote umezungukia juu ya goti, akapiga kwa kushoto. Wavu ukatikisika bila sauti.

Hakuna aliyepiga kelele. Hatukuweza, nje kulikuwa na watu wanapita na fimbo. Léocadie aliuma kitambaa chake cha kichwa. Mteja mmoja aliinua ngumi, akaona wengine wanamtazama Octave, akaishusha polepole na kutazama sakafu. Kila mmoja mle ndani alikuwa amekwisha kuhesabu, na hesabu yao ilikuwa moja. Octave aliwaona.

"Rudisha," akasema Octave.

Nikarudisha. Wote tulitazama mpira unavyokwenda wavuni. Yeye alikuwa ameweka kidole chini ya kioo, pembeni, kwenye mguu wa kulia wa mtoto, na hakukiinua hata mpira ulipopita.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Goti lilizunguka, likabeba mwili wote, likanyooka.

"Limekubali," alisema. "Gusta, umeona? Goti limekubali." Akaishika simu kwa mikono miwili, akairudisha mwenyewe mara nyingine, na nyingine, mpaka betri ikaisha.